Saini Yako na Migomba ya Mama

Mdogo wangu Mugisha,

Leo nilikwenda Kagondo, kwenye chumba mlichokuwa mkifanyia kazi wewe na rafiki yako Edmundi. Kiti chako bado kina ile foronya uliyonichukulia bila kuomba. Niliikalia, sikuidai.

Edmundi aliniita kwa sababu programu yenu ya wakulima imegoma. Simu ikishaboreshwa, programu haifunguki tena. Nilimkuta Mzee Rutta amekuja kutoka Buganguzi, simu mkononi. "Naigusa, inaninunia kama mkwe," alisema, lakini hakucheka. Ndani ya programu ameweka kumbukumbu za mashina yote ya migomba aliyong'oa kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko, wapi na lini. Mvua zimeanza. Bila hizo hajui apande wapi, na wapi udongo bado una ugonjwa.

Toleo jipya lilikuwa tayari, limekosa saini yako tu. Edmundi alinieleza taratibu, kama ulivyokuwa ukinieleza wewe. Simu hupokea toleo jipya likiwa na saini ileile ya zamani. Ikiwa ni saini nyingine, italiona geni. La zamani litafutwa kwanza, na kumbukumbu zitakwenda nalo. Faili la saini lilikuwepo, lakini neno la siri la kulifungulia halikuwepo. Kwenye faili la kujengea programu uliandika kila kitu, hata leseni kwamba yeyote aitumie bure. Penye neno la siri uliandika tu: "Muulize dada."

"Dada, alikuambia nini?" Edmundi aliniuliza.

"Hakuniambia kitu."

Mzee Rutta aliinamisha kichwa. Uliondoka bila kuaga, nami sikujua hata nimeachiwa nini.

Ndipo nikakumbuka simu zako. Kila mlipokaribia kutoa toleo ulinipigia huku nyumbani Kashozi, mara nyingi nikiwa namenya ndizi. "Dada, nitajie migomba ya nyuma ya jiko." Nilikutania: "Mjini mmekosa hata ndizi za kuwaza?" Kisha nilikutajia majina, mgomba kwa mgomba, kuanzia mlangoni, nikisikia vidole vyako vikibonyeza. Nilidhani ni hamu ya nyumbani.

Nikamtajia Edmundi. Akaandika. Ikakataa. Nikarudia polepole. Ikakataa tena.

"Basi waitu, ndugu zangu, nifutieni tu," Mzee Rutta alisema, akimnyooshea Edmundi simu.

"Subiri kidogo, mzee," nilisema.

Nilifumba macho. Nilikuwa nikitaja migomba iliyosimama sasa. Ule wa pembeni, alioupanda mama, niliukata mwenyewe baada ya kukuzika, mnyauko ulipoufikia. Programu yako ndiyo iliyonielekeza niukate. Nikaanza upya mlangoni, kama mama alivyotufundisha, na ule uliokufa nikautaja mahali pake. Majina siyaandiki hapa, ungenigombeza.

Edmundi akaandika, na safari hii ikakubali. Aliweka toleo jipya juu ya lile la zamani kwenye simu ya mzee, na programu ikafunguka. Mzee Rutta alipitisha kidole shina kwa shina, midomo ikisoma bila sauti.

"Yapo," alisema mwishowe. "Yote yapo."

Mugisha, bado nina hasira kidogo. Ungeniambia. Lakini nikiwa njiani kurudi nilijiuliza kama ulijua kwamba vitu vingine huwa navisahau, ila majina hayo siwezi. Edmundi anataka tubadilishe neno, liwe jepesi. Nimemwomba aliache. Akilihitaji anipigie. Nimezoea kuulizwa, na tangu ulipoondoka hakuna aliyekuwa akiniuliza.

Pumzika hapo kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na mama. Pale pembeni pamebaki wazi. Programu yako inasema nisipande bado. Nitasubiri. Lakini nikiulizwa, mgomba ule nitautaja.

Dada yako,
ninayemenya ndizi huku simu iko karibu