Petroli Ikishuka, Naja

Midland, Texas
6 Mei

Baba mpendwa,

Bahati imenivamia mimi mwanao mpaka naona haya! Lakini salamu kwanza: goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, nanenepa.

Sasa sikia. Mafuta yamepanda bei duniani, na huku kwetu visima vinachimbwa kama watu wanatafuta pete iliyopotea. Wamenifanya msimamizi wa mtambo wa kuchimba. Mimi, niliyemliza mwalimu wa hesabu! Nina pikapu mpya ndefu kama kanisa, na nikiingia dukani naiacha inanguruma ili nikirudi nikute kiyoyozi kimeweka kiti baridi. Nyumba yangu ina uwanja mkubwa nyuma. Ukija tutachoma nyama mpaka majirani waombe kuhamia.

Mwanao,
Royce

Port Arthur
19 Mei

Mwanangu Royce,

Nimeipata barua yako nikamshukuru Mungu. Goti linanung'unika, lakini hata marehemu mama yako alinung'unika na tuliishi vizuri.

Unaacha gari linanguruma? Mjinga wewe! Bei hiyo inayokunenepesha ndiyo imeniegesha mimi. Kanisani tunabanana kwenye gari la Dada Verlene, naye anaendesha polepole kuokoa petroli hadi mbwa wanatupita. Dukani naenda kwa miguu. Kidari cha ng'ombe nimekiacha, nachoma mapaja ya kuku nyuma ya nyumba: chumvi, pilipili manga, basi. Kuku sina ugomvi naye. Kula peke yangu ndiko kunanichosha.

Petroli ikishuka tu, naja. Nataka Jumapili moja ya kuchoma nyama na wewe, sitaki zaidi.

Simu usipige, masikio niliyaacha kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta.

Baba yako

Midland
2 Juni

Baba mpendwa,

Pole kwa goti, na pole kwa kupitwa na mbwa. Usihangaike kuja, Mzee wangu. Wakubwa hawaniachii hata nipige chafya. Wanasema nikiondoka mtambo unalia.

Halafu, nyama ikiungua nje na ndani ikabaki mbichi, mtu anafanyaje? Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu Delbert.

Mwanao,
Royce

Port Arthur
28 Agosti

Mwanangu,

U mzima kweli? Nilikuandikia Juni, nikakuandikia Julai, kimya. Mwambie Delbert asogeze makaa upande mmoja, nyama aiweke upande wa pili, afunike, na aache kuchungulia.

Petroli imeshuka! Watu wameanza tena wazimu wao. Verlene anawasha gari kwenda kuchukua barua kwenye sanduku lililo mwisho wa uwanja wake. Lakini mimi ni mtu wa mafuta. Bei ikianguka kwenye pampu, najua kisimani kuna watu wanafungasha. Wewe umesalimika?

Vyovyote iwavyo, tangi limejaa na kidari kimo kwenye friji. Natoka Ijumaa ijayo. Usiponijibu nitapita mtambo kwa mtambo nikiuliza, "Yuko wapi msimamizi Royce?" Nawe unajua sauti yangu.

Baba yako

Midland
1 Septemba

Baba mpendwa,

Nakuamkia, na goti nalo nalisalimu. Tafadhali usiulize mtambo wowote.

Ukifika mjini, pita maghala ya mabomba, kata kulia kwenye kituo cha petroli kilichofungwa. Utaona nyumba ya mabati juu ya magurudumu. Ni ya Delbert. Mimi nalala kwenye kochi. Nyuma kuna kauwanja ka miba. Nimekafyeka, nimepasua pipa liwe jiko, nimeweka wavu. Kidari lete. Nitakaa nawe pale mpaka kiive, hata kikitaka kutwa nzima.

Jumatatu naanza kujifunza kazi ya mitambo ya umeme wa upepo. Wanasema hesabu ni nyingi. Nikifeli nitarudia mpaka wachoke wao.

Baba, pikapu sina. Nilikuwa naosha magari ya wasimamizi. Mafuta yaliposhuka magari yakaondoka, nami nikaondolewa. Sijawahi kuwa msimamizi hata siku moja. Nilikudanganya.

Mwanao,
Royce