Mafua ya Plamedi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nafua nepi za Plamedi tangu asubuhi. Nafua kwa hasira. Mtoto wa dada yangu mkubwa, Yaya Solange, ana miezi minne, na tangu jana pua yake imeziba. Mama amekwisha kumpata mwenye kosa: mimi. Eti nilimwogesha kukiwa na upepo.

Upepo! Ijumaa mjomba wetu, Tonton Faustin, alifika kutoka Yanonge na samaki, makamasi yanamtoka. Alijifuta kwa kiganja, akambeba Plamedi kwa kiganja kile kile, akambusu mdomoni. Watu wakacheka. Mafua hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Tulisoma hivyo shuleni. Nimemaliza shule, na bado sikufungua mdomo.

Jumanne, tarehe 5

Plamedi ananyonya kidogo, anaachia titi, analia. Hawezi kunyonya na kupumua pamoja. Yaya alimpeleka kituo cha afya kwa toleka, baiskeli ya kukodi, mimi nikafuata kwa miguu. Muuguzi alisikiliza kifua. Safi. Mafua tu. Matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya. Titi mara nyingi. Kunawa mikono. Vidonge hapana, haviui ugonjwa huu. Akipata homa, akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani au akikataa titi kabisa, turudi saa hiyo hiyo.

Mama alitupokea mlangoni. "Munatoka kwa munganga mikono mitupu? Ata sindano moja?" Amekasirika kama tumeibiwa.

Jumatano, tarehe 6

Koo linaniwasha. Napiga chafya. Nimejifunga kitambaa mdomoni na simbebi tena mtoto.

Tantine Bea amefika kutoka Makiso. Ni dada mkubwa wa marehemu Papa, na katika nyumba hii hakuna anayemkatalia. Amefungua mfuko wake: majani na pilipili. Atavitwanga, atakamulia puani mwa Plamedi. Kesho asubuhi.

"Nyiye wote niliwatiaka hii puani. Mulikufa?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Yaya alitazama chini. Nawachukia wote wawili. Nachukia pia mdomo wangu.

Alhamisi, tarehe 7



Tantine alikuwa amemlaza Plamedi mapajani. Amebana kichwa chake. Majani yako kwenye kitambaa, juu ya pua ile ndogo. Nikasikia mtu anasema. Nilikuwa mimi.

"Tantine, na mimi niko na mafua. Uanze na mimi."

Alicheka sana. "Angalieni! Bubu amesema leo! Kuya, lala apa."

Nikalala. Akakamua.

Moto. Sina neno lingine. Moto puani, machoni, kooni, mpaka ndani ya masikio. Nilipiga kelele, majirani wakaja mbio. Nilibiringika uani mbele yao wote. Makamasi, machozi, damu kidogo.

"Munaona? Inafungua!" Tantine akapiga makofi.

Nilipoinua kichwa, Yaya alikuwa ananitazama. Akanyanyuka. Akamtoa Plamedi mapajani mwa Tantine, akamfunga mgongoni.

"Wa kwangu, hapana."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Tantine ametukana mpaka ukoo wa Mama.

Ijumaa, tarehe 8

Pua yangu imevimba. Imeziba kuliko jana. Mama haniongeleshi. Asiniongeleshe. Chumbani kwa Yaya ni maji ya chumvi, titi, maji ya chumvi, titi. Namsaidia kuchemsha maji na kutazama mbavu, kutoka mbali.

Jumapili, tarehe 10

Plamedi amenyonya mpaka akashiba. Hana homa.

Baada ya misa Tantine amesimulia kwa sauti mbele ya kanisa: dawa yake ilipita kwangu, ikamfikia mtoto. Kina mama wamesema amina. Amina! Mafua huisha yenyewe, na mwenye kelele kubwa ndiye anayeshukuriwa. Nilitaka kupanda juu ya benchi na kuwaambia wote ni wapumbavu. Nimerudi nyumbani nikavunja kuni zote, hata za kesho.

Jumatatu, tarehe 11

Mvua ndogo. Yaya anatwanga pondu, majani ya muhogo, chini ya kibaraza. Ameniomba nimwangalie mtoto. Plamedi amelala kwenye mkeka, nimekaa mbali kidogo, kitambaa mdomoni.

Mdomo wake umefungwa. Anapumua kwa pua, polepole, bila sauti.

Mimi bado napumua kwa mdomo.