Niliyoyaandika Juu ya Halfani

Nachingwea,
Jumatano, 14 Septemba 1949

Kwa kaka yangu Shaban, Nandagala.

Shikamoo kaka. Naomba waraka huu ukukute mzima, mama awe amepata nafuu ya mgongo, na mjomba Shehe na wote wa nyumbani wawe salama. Mimi ni mzima, ila vumbi jekundu la huku limenipa kikohozi.

Kaka, wiki zote hizi tangu nifike sijauzoea mji huu. Pale tulipopita mwaka juzi tukitafuta asali, leo ni mahema, mabati, maduka ya Wahindi. Matrekta mawili yanaburuta mnyororo mmoja, na msitu mzima unalala chini ili Wazungu wapande karanga. Watu wametoka kila upande, Wamakua, Wayao, Wangoni, na kila mtu anakuita ndugu. Mimi sikumwamini hata mmoja. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu, nilishika mfuko wangu. Hata unga wa posho niliunusa kwanza kabla ya kuupika.

Kuliko wote nilimshuku shemeji Halfani, kama mlivyonituma nimchunguze. Alinipokea vizuri, akanigawia nusu ya mkeka wake, akaniombea kazi ya kung'oa visiki. Lakini alikuwa amekonda, na hakutulia. Nilipomuuliza kwa nini miezi mitatu hajampelekea mkewe, dada Mwantumu, barua, alisema atapeleka akipata la kusema. Kila akitoka kazini alifunga unga kwenye kitambaa, akashika njia ya vibanda vya Wamakua. Nikamuuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa watu," akajibu, basi.

Jirani yetu kambini, Bernardo, alicheka akaniambia kuna mwanamke kule anaitwa Aurelia, na shemeji yangu hakosi hata siku moja. Kesho yake nikawaandikia ile barua ya kwanza.

Jumapili iliyopita, alasiri, nilimfuata. Nilitaka nimfumanie. Niliingia uani bila hodi. Nikamkuta Halfani juu ya paa anaezeka nyasi, na chini wameketi bibi kizee na mwanamke aliyenyolewa nywele zote, amejifunga kaniki ya msiba. Mwanamke huyo hakushtuka kuniona. Alinitandikia mkeka, akasema, "Karibu. Na wewe ulifanya kazi na Tadeo wangu?"

Halfani alishuka, akaniambia yote palepale. Tadeo alikuwa mume wa Aurelia, na walifanya kazi pamoja nyuma ya mnyororo. Mwezi wa sita mti mmoja uligeuka ukaanguka upande wao. Tadeo alimsukuma Halfani kando, akabaki yeye chini ya mti, akafa. Na Tadeo ndiye aliyekuwa akimwandikia barua za nyumbani, maana unajua shemeji hajui kusoma wala kuandika. Tangu siku ile hakuona mtu wa kumpa maneno yake.

Sasa kaka, nisikilize vizuri. Katika barua ile niliandika kwamba nimeona kwa macho yangu Halfani ameoa mke mwingine na anakaa naye. Ni uongo. Sikuwa nimeona kitu. Niliyachukua maneno ya Bernardo nikayafanya macho yangu, kwa sababu nilitaka mjomba aseme Mikidadi alitumwa na hakurudi mikono mitupu.

Nimesikia kutoka kwa Kasmiri, aliyetoka huko nyumbani na ndiye anayekuletea barua hii kwa baiskeli, kwamba Ijumaa mjomba atampeleka Mwantumu kwa jumbe kudai talaka. Nakuomba umzuie. Waraka huu usomwe mbele ya wote walioisikia ile ya kwanza, na jina langu msilifiche. Mwantumu aambiwe kabla ya wengine.

Ndani utakuta karatasi ya pili. Ni maneno ya Halfani kwa mkewe. Jana aliniomba nimwandikie, akisema ni afadhali mkono wa shemeji kuliko wa mgeni. Niliandika kila neno alilosema, sikuongeza wala kupunguza. Mwishoni alinishukuru, kaka. Hajajua nilichomfanyia. Kasmiri akishaondoka, nitamfuata kazini nimweleze mwenyewe, na atakachoamua juu yangu nitakipokea.

Msalimie mama, mjomba, na Fatu na watoto. Mniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Mikidadi