Gamba la Chaza la Buck Knob

Jumapili, 9 Juni

Bila mimi, Kanisa la Baptisti la Pigeon Fork leo lingekuwa ghala la kukaushia tumbaku. Miaka kumi na minane nafundisha darasa la watu wazima kabla ya ibada. Wachungaji sita wamekuja wakaondoka, na wote walijifunza kwangu. Shule niliachia darasa la tisa, lakini kuna profesa wa Lexington aliwahi kuniomba ushauri. Wawili, nikikumbuka vizuri.

Leo nimeaibishwa darasani mwangu mwenyewe, tena na damu yangu. Janelle, binti wa dada yangu, amerudi likizo kutoka chuo anakosomea miamba. Nilikuwa nimefika kwenye Gharika. Nimeshika lile gamba langu la chaza lililogeuka jiwe, naeleza kama kila mwaka nilivyolichimba kileleni Buck Knob. Maji yaliyofika pale yalifunika dunia nzima. Janelle kainua mkono. Eti huenda gharika ilikuwa ya nchi ile ya Nuhu tu.

"Biblia inasema dunia yote," nikamwambia.

"Inasema pia dunia yote ilikwenda Misri kununua nafaka kwa Yusufu, mjomba. Sisi wa Kentucky tulipanda gari gani?"

Wakacheka. Hata Verna, ambaye nyonga yake niliiombea mimi!

Kisha akaligeuza lile gamba. Hili ni jiwe la chokaa, akasema, na Buck Knob ni mawe ya mchanga matupu. Kasema kwa sauti ya chini, lakini Shemasi Orville ana masikio ya sungura. Darasa langu analitaka miaka kumi sasa.

Jumatatu, 10 Juni

Hasira haijaisha. Kifungua kinywa nimekiacha nusu. Kama gharika ilikuwa ya bonde moja, safina ya nini? Nuhu si angehama? Na ndege je — kunguru hawezi kuruka hadi kaunti ya pili?

Na upinde wa mvua. Mungu aliahidi hatarudia. Mwaka juzi kijito chetu kilibeba nyumba ya dada yangu, na friji, na picha zote za mama. Kama ile ya Nuhu ilikuwa ya bonde tu, basi ahadi imevunjwa hapa kwetu, mimi nikitazama. Hilo silikubali.

Nikampigia Janelle nikamwambia. Akajibu: "Mjomba, nyumba ile ilikuwa yetu. Hilo nimeliwaza kuliko wewe."

Nikamwambia simu inakatika.

Jumatano, 12 Juni

Mkutano wa washirika. Orville kasimama, kafunga vifungo vya koti. Anatoa hoja: Jumamosi darasa lote lipande Buck Knob, Ndugu Delbert, yaani mimi, atuonyeshe alipochimba. Gamba jingine lisipopatikana huko, darasa lipewe mwalimu mwingine. Mwingine nani, hakusema. Alitazama dari.

Mchungaji akauliza nani anaunga mkono. Kimya. Hoja isiyoungwa mkono inakufa palepale, kila Mbaptisti anajua. Nilichotakiwa ni kukaa tu.

"Tulia, Delbert," Verna akaninong'oneza.

Lakini Orville akanitazama kama mtu anayenihurumia. Nikasimama. "Naunga mkono. Na nyundo naleta mimi."

Ikapita. Hata mkono wangu ulikuwa juu.

Jumamosi, 15 Juni

Saa tatu asubuhi. Niko ndani ya pikapu yangu, chini ya kilima. Nimewaambia natafuta glavu. Wamekuja kumi na wanne. Orville kavaa buti mpya. Verna kaja na fimbo na sandwichi za jibini, kana kwamba ni pikiniki.

Janelle kaja dirishani. "Mjomba, bado unaweza kusema goti linauma."

"Goti langu ni la kijana wa miaka ishirini."

"Basi niambie mimi tu. Ulilitoa wapi?"

Nikamtuma awagawie watu maji. Kaenda, lakini kila mara anageuka kunitazama.

Gharika ilifunika dunia yote. Kwa hilo nitakufa, waje na vyuo vyao vyote. Gamba ni habari nyingine. Nililiokota kwenye kokoto zilizomwagwa na lori uani kwangu.

Orville anagonga kioo. Anauliza njia inaanzia wapi. Sijui. Buck Knob sijawahi kuipanda hata nusu.