Kenchi Kumi na Moja

Ruangwa, 9 Machi 2024

Mjomba wangu Bakary,

Shikamoo. Tomasi dereva ameniambia goti lako limevimba tena, na kwamba juzi alikuona juu ya ukuta ukipanga tofali na goti hilohilo. Pumzika, mjomba. Mimi afya ninayo, ila macho yanachoka, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Nimeanza kozi ya uchoraji wa kiufundi, hatua ya kati. Ni ya mtandaoni. Mwalimu namwona kwenye kompyuta tu, na Kiingereza chake kinakwenda mbio hadi narudia kipande kimoja mara nne. Bosi wangu Dionisia ameniruhusu kutumia kompyuta ya duka wateja wa fotokopi wakipungua. Mwaka jana nilijifunza mistari na maduara. Sasa tunachora jengo zima: kwa juu, kwa mbele, na likiwa limekatwa katikati kama mkate ili ndani paonekane.

Wengine wananicheka. Wewe huwezi kunicheka, maana wewe ndiye uliyenishikisha timazi nikiwa na miaka tisa, wakati mafundi wenzako walikuwa wakifukuza watoto wa kike saiti. Kuna kampuni hapa Ruangwa inatafuta mchoraji. Nikipata cheti hiki nitaomba kazi. Uniombee dua.

Mpwa wako,
Zulfa


Nachingwea, 2 Mei 2024

Mpwa wangu Zulfa,

Marahaba. Goti likiuma nalitukana kwa Kimwera, linanyamaza. Nyumbani wote wazima. Mama yako Saada nilimwona kijijini kwenu Chiola, anapiga palizi kama msichana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa sikiliza. Akina mama wa kikundi cha ufuta kule Chiola, wanaoongozwa na Mwamini jirani yenu, wanataka ghala, na kazi wamenipa mimi. Lakini siku hizi huwezi kujenga kitu cha watu wengi bila ramani. Ofisini halmashauri wanadai karatasi. Mimi nimejenga miaka thelathini kwa kamba na jicho, na hakuna nyumba yangu iliyoinama. Nikawaambia ramani si tatizo, ninaye mtu.

Mtu huyo ni wewe. Urefu mita kumi na mbili, upana sita, mlango wa kupitisha toroli. Mama yako naye ni mwanakikundi, anasema ukichora vibaya atakunyima karanga.

Mjomba wako,
Bakary


Ruangwa, 23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na poleni na vumbi la kipupwe. Mimi mzima, tena mzima kuliko kawaida.

Karatasi nne ziko ndani ya bomba hili. Tomasi ameapa hataliweka chini ya magunia. Nimezichora kwa wiki tano. Umeme ulikatika nikapoteza kazi ya siku nzima, nikaanza upya. Mwalimu alinirudishia mara tatu kwa sababu ya paa. Upepo wa mvua za kwanza unaingia Chiola bila kizuizi, kwa hiyo paa lazima lishikwe vizuri. Karatasi ya tatu ni mkato, unaonyesha kenchi moja ya mbao inayobeba bati, na jinsi inavyofungwa kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Karatasi ya nne ni paa kwa juu, na nafasi zake nimezionyesha kama kanuni inavyotaka. Tafadhali lifuateni hilo hata kama mengine mtayabadilisha.

Kama kuna pasipoeleweka uniambie, ingawa fundi wa miaka thelathini haelezwi ukuta na mtoto wa juzi.

Kwenye kisanduku cha pembeni nimeandika: Amechora Zulfa Yasini. Nililitazama jina hilo mpaka mteja akagonga meza.

Mpwa wako,
Zulfa


Nachingwea, 4 Julai 2024

Zulfa mwanangu,

Salama hapa, natumaini na huko. Karatasi zimefika zikiwa zimenyooka. Zinasomeka kama maji. Akina mama walipoziona walishika midomo.

Ila lile jina. Ofisini watauliza Zulfa ni nani. Na watu wataogopa kuweka mazao chini ya paa lililochorwa na binti ambaye saruji haijamkausha mikono. Andika Bakary. Usilichukulie vibaya. Kwetu sisi mpwa ndiye mrithi, jina langu na lako ni moja.

Uharakishe, wanataka kuchimba msingi kabla ya mwezi kwisha.

Mjomba wako,
Bakary


Ruangwa, 12 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimebadilisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Kwa mwalimu nilishatuma karatasi zenye jina langu, akanipa alama tisini na moja. Huko ndiko jina litakakobaki.

Wasalimie nyumbani.

Zulfa, mpwa wako


Nachingwea, 28 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Mbona kimya hivi? Nimemuuliza Tomasi, anasema uko mzima, unakula, unacheka na wateja. Basi kimya hicho ni changu peke yangu.

Ghala limesimama. Bati linang'aa, ukiwa njiani unaliona kabla hujauona msikiti. Siku ya kukabidhi Mwamini alilia. Walipiga vigelegele wakaimba, ramani ya Bakary, ramani ya Bakary. Nilitaka kusema neno, lakini vigelegele vilikuwa vingi, na ukishaupitisha wakati wa neno huwezi kuurudia.

Njoo ulione. Mama yako anakuulizia.

Mjomba wako,
Bakary


Ruangwa, 6 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani, wala sijui niulize nini kwanza.

Mama alinipigia Jumanne jioni akawa hawezi kusema, akampa simu mtu mwingine. Ndipo nikaambiwa kwamba mvua ilipoanza akina mama walikimbilia ghalani, na upepo ukalinyanyua paa lote upande mmoja na kulirudisha juu yao. Mama aliponea mlangoni. Mwamini alikuwa ndani kabisa akisogeza magunia ya mbegu yasilowe. Nimekwenda kumwona hospitali. Mguu wa kulia wameukata juu ya goti. Aliniuliza kama mvua imeendelea, kwa sababu shamba lake halijapandwa.

Mjomba, nakuuliza jambo moja, nijibu kwa tarakimu tu. Kenchi ulipiga ngapi? Kwenye karatasi ya nne ni kumi na moja.

Mpwa wako,
Zulfa


Nachingwea, 14 Desemba 2024

Zulfa,

Salamu zako zimefika. Hapa hakuna anayelala vizuri.

Tarakimu hazitaurudisha mguu wa Mwamini. Kikundi kimeita mkutano, na watu wa ofisini watakuwepo. Waliponiuliza ramani aliichora nani, nikasema ukweli: aliichora mpwa wangu aliyeko Ruangwa, anayejifunza kwenye kompyuta. Nikasema huenda alikosea, maana bado ni mwanafunzi.

Usikasirike kabla hujafikiri. Wewe hujaolewa, hujapata kazi ya kuchora, jina lako halijaanza. Mwanafunzi akikosea watu husema pole, ajifunze. Mimi wakiniondolea jina nitakula nini, na hawa wanaonitegemea watakula nini? Njoo kwenye mkutano tarehe mbili Januari, useme mchoro ulikuwa na kasoro. Maneno machache tu.

Ulipotolewa unyagoni ni mimi niliyesimama pale, baba yako alikuwa hayupo. Sijawahi kukudai kitu kwa siku ile.

Mjomba wako,
Bakary


Ruangwa, 5 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hukuja mkutanoni. Walisema goti limekulaza, nami nakuombea lipone, lakini kwa vile hukuwepo, nikueleze yaliyotokea usije ukayasikia kwa watu wakayatia chumvi.

Nilikwenda na karatasi ya nne, na nyingine niliyoichapa dukani yenye jina langu na tarehe niliyoituma kwa mwalimu. Mwenyekiti wa mkutano akaniambia, "Binti, mjomba wako amesema ulikosea. Ulikosea wapi?"

Nikatandika karatasi chini. Nikawaomba akina mama wainame tuhesabu mistari pamoja. Kumi na moja. Kisha nikawaomba tutoke nje. Paa bado liko pale lilipoangukia, unajua. Marystella, yule mke wa mfugaji aliyejiunga mwaka jana, alitembea kandokando ya paa akigusa kila kenchi kwa fimbo na kuhesabu kwa sauti. Akafika saba, akatafuta ya nane, akanitazama. Nondo za kufungia kenchi kwenye zege, nilizozichora kwenye mkato, hazikuwepo hata moja. Kenchi zilipigiliwa misumari tu.

Mzee mmoja alisema, "Kumbe Bakary," akaishia hapo.

Nilidhani nitapumua baada ya hapo. Mama alinisubiri nyumbani, mfuko wangu ameshautoa nje. Akasema, "Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu wa mbali na wafugaji. Ungeniambia mimi kwanza." Nikamuuliza, "Na Mwamini, mama?" Akasema Mwamini ni amri ya Mungu, kaka yake ni mmoja. Nililala kwa watu.

Ile kampuni ilikuwa imeniita kwa usaili. Wamenipigia juzi kwamba nafasi imejazwa. Aliyenipigia aliuliza kwa upole kama mimi ndiye yule wa ghala la Chiola. Ukweli wa kenchi saba haujafika Ruangwa; uongo ulipanda gari la kwanza.

Nimejiuliza kwa nini. Mbao zilikuwepo, Mwamini amesema zilibaki hadi wakatengenezea mabenchi. Nondo zilibaki. Kwa hiyo ni kiburi, mjomba. Uliona mtoto wa kike hawezi kukuambia kenchi ngapi.

Zulfa


Nachingwea, 20 Aprili 2025

Mpwa wangu Zulfa,

Natumaini u mzima. Mimi nipo. Kazi hakuna, nafuga kuku.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Umeandika ni kiburi, na watu wote wanasema hivyo, nikawaacha waseme, maana mtu mwenye kiburi bado ni fundi.

Zulfa, mimi sijui kusoma mchoro. Herufi nasoma, namba nasoma. Ile karatasi uliyosema ni mkato, niliona kenchi moja, nikajua kenchi yako ina umbo lile, nikaitengeneza hivyohivyo, kipimo kwa kipimo. Zile nukta zinazoshuka ukutani sikujua ni nondo. Ile ya nne niliigeuza huku na huku. Niliona mistari ya vipande vipande, nikadhani ni mikunjo ya bati. Nikaitundika kwenye nguzo ya saiti ili vibarua waone ninaitazama. Kisha nikapiga kenchi kama ninavyopiga siku zote, kila mita mbili, na kwa ghala la upana ule hazikutosha.

Ningekuuliza. Nilichukua kalamu siku moja nikuulize. Lakini wewe ulikuwa umeandika kwamba fundi wa miaka thelathini haelezwi, nami nilikuwa nimeshasema zinasomeka kama maji. Nikaona haya. Ni hivyo tu, hakuna kingine.

Mwamini sijaenda kumwona. Miguu inanifikisha mtoni, inarudi.

Barua hii ni yako peke yako.

Mjomba wako,
Bakary


Ruangwa, 2 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Ni nauli ya gari la Noah na saa mbili za njia. Ningekuja asubuhi, tungezitandika karatasi mkekani kwako, mlango umefungwa, asiyetakiwa kujua asijue. Kusoma mkato nilifundishwa kwa dakika arobaini. Wewe ungeelewa kwa kumi, kwa sababu kuta unazijua tayari. Nami sikuuliza. Niliona ulivyojibu kwa kifupi nikafikiri umenidharau, nikanuna kwa sababu ya jina kwenye kisanduku. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini uliponitaka niseme nimekosea, ulikuwa unajua ni nani aliyekosea. Hapo haya haikukuzuia. Sijui nikusamehe vipi kwa hilo, na sitajifanya ninajua.

Barua yako sitamwonyesha mtu. Ila mama bado anaamini nilikuvua nguo bure. Anasema nilitafuta sifa. Simu zangu hapokei. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, haya uliyoniandikia. Watu wote wakibaki hawajui, sawa. Mama ajue. Sikuombi kingine.

Mwamini ameshapata magongo. Anapalilia akiwa amekaa chini, anajisogeza kwa mikono.

Mpwa wako,
Zulfa


Ruangwa, 29 Juni 2025

Mjomba,

Jana nilikwenda Chiola. Wanavuna ufuta, miganda imesimamishwa kila ua. Nilimkuta mama barazani anapeta. Nilimwamkia mara ya kwanza, akaendelea kupeta. Nilimwamkia mara ya pili. Akainuka na ungo wake, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Hapo nikaelewa kwamba hujamwambia.

Zulfa