Kasha la Baba la Kukaushia Muhogo

Kibondo, Jumamosi mchana. Mvua imeshika tangu alfajiri na ukungu umeshuka mpaka mnara wa simu hauonekani. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Leo nimemkumbuka baba mno.

Nianze na kosa langu.

Mimi ni afisa mipango. Jumatano nilikwenda kijiji kimoja cha Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, kukusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya sura ya sayansi na teknolojia katika mpango wa maendeleo wa wilaya. Ukweli ni kwamba sura hiyo nilikuwa nimeshaiandika: kituo cha kompyuta, intaneti, mafunzo kwa vijana. Nilichofuata kijijini ni sahihi za mahudhurio tu.

Nilieleza kwa muda mrefu. Watu walisikiliza kwa adabu, ile adabu ya kungoja mgeni amalize aende zake. Kisha akasimama Mama Yudita, mjane anayelima muhogo. Alisema mvua zikianza muhogo wao haukauki. Unaota ukungu mweusi, na wachuuzi wanaotoka ng'ambo ya mpaka wanaunusa tu, wanaondoka. Safari hii alijaribu kuufunika kwa nailoni ili usilowe, lakini ulitoka jasho humo ndani, ukaoza wote. Kilikuwa chakula cha wajukuu wake.

"Wewe umesoma, mwanangu," akaniambia. "Nilikosea wapi?"

Nililiandika swali lake daftarini.

Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu. Baba alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu wa sayansi kambini Mtabila. Mama ni Muha wa Kasulu. Nilipokuwa darasa la tano, baba na wanafunzi wake walitengeneza kasha la mbao lenye nailoni juu, na muhogo ukawa unakauka humo katikati ya msimu wa mvua. Nililiegemea kasha lile, nikaiba muhogo ndani yake, na sikuwahi hata siku moja kuuliza linafanyaje kazi.

Kambi ilipofungwa, baba alirudi kwao. Mama alikataa kuvuka, nami nikabaki naye kwa sababu ya shule. Pale tulipofanyia mkutano, milima ya kwao baba inaonekana wazi kabisa. Niliitazama, nikasahau nilikuwa nasema nini.

Alhamisi nilimpigia simu. Huwa tunaongea machache: afya, mvua, salamu kwa mama, ambazo mama huzipokea kimya. Siku hizi baba analima maharage. Cheti chake cha kambini hakikumpatia darasa huko. Nikamsimulia habari za Mama Yudita.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kirundi, mwanangu, "tundu la juu aliliacha?"

Halafu akaongea kama ambavyo sijamsikia akiongea tangu nikiwa mtoto. Hewa iingie kwa chini, akasema, ipite juu ya bati lililopakwa masizi, ipate joto, ipande, itokee juu na unyevu wake. Ukiifungia, maji hayana pa kwenda. Akauliza upepo wa Mabamba unatoka upande gani. Akauliza mbao zinazopatikana huko ni za mti gani. Nilijaza kurasa nne za daftari na mkono ukauma.

Kabla hatujaagana aliniuliza kama watu wa huku bado wanalikumbuka kasha lile. Nikamwambia wanalikumbuka.

Ninayelikumbuka ni mimi peke yangu.

Jana nilimpelekea mkuu wangu sura mpya. Kituo cha kompyuta nimekisogeza nyuma, mbele nimeweka makasha matatu ya majaribio, yatengenezwe na mafundi wa hapo hapo kijijini. Alisema tutachekwa, kwamba teknolojia ni kitu cha kuonekana. Nikamsimulia muhogo wa Mama Yudita, pole pole, mpaka ulipooza. Naye amekuzwa na muhogo. Alizungusha kalamu mezani, kisha akakubali makasha yaingie, ila kila mradi lazima uwe na mtaalamu wa kuusimamia: jina lake na cheti chake.

Fomu ndiyo hii mbele yangu. Nimejaza kila mahali isipokuwa hapo. Ningeweza kuandika jina langu, maana shahada ninayo, wala hakuna ambaye angeuliza. Lakini nilisimama mbele ya Mama Yudita na shahada hiyo hiyo nikiwa bubu.

Miaka yote hii nimejiambia kwamba baba ndiye aliyetuacha. Leo najiuliza sisi tulimpa sababu gani ya kurudi huku kwetu.

Nimeandika jina lake. Kwenye nafasi ya cheti nimeandika: mwalimu wa sayansi, kambi ya Mtabila.

Jumatatu ofisini watanirudishia fomu, kwamba hicho si cheti. Au watanirudishia baba?