Tangi Limetoboka

Jumatatu, 4 Machi

Harufu ya petroli tangu alfajiri. Nikadhani ni nguo za baba watoto, maana akishinda kwenye ile pikapu yake ya mizigo hurudi ananuka kama kituo cha mafuta. Kumbe tangi linavuja! Tone, tone, uani, hatua chache tu kutoka jiko langu la mkaa. Nililizima kwa chai iliyokuwa inachemka.

Baba watoto akajilaza chini ya gari. Tone likamwingia jichoni. Akatoka anatukana, akampiga paka teke. Paka kamkosea nini?

Ameziba kwa kipande cha sabuni. Eti itakaa.

Jumatano, 6 Machi

Haikukaa. Amelishusha tangi, mafuta kayamwaga kwenye madumu. Nikamwita kaka yangu. Ni mchomeleaji, mtaani wanamwita Cheche. Alilinusa tangi, akalirudisha chini polepole. Akasema tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, maana ndani umebaki mvuke wa petroli. Lioshwe vizuri, lijazwe maji, ndipo achomelee. Keshokutwa.

“Keshokutwa! Na mzigo wangu, shemeji?”

“Mzigo utapata gari lingine. Dada yangu atapata wapi mume mwingine mwenye sura kama yako?”

Siku nyingine angecheka. Leo akamwita mwoga, mwanamke ndani ya ovaroli. Cheche naye: ukitaka kufa, kafie mbali na watoto wa dada yangu.

Ngumi! Waliangukia ndoo, wakaangukia kamba ya nguo. Nikaingia katikati, nikala kiwiko cha mdomo. Cha nani, sijui. Cheche kaondoka na jino lake kiganjani.

Alhamisi, 7 Machi

Baba watoto kaazima mashine ya kuchomelea! Huyu aliyewahi kuchomelea kitanda chetu, kikatuangusha usiku uleule.

Alipotoka kutafuta vyuma vya kuchomelea, nikavuta mpira wa bomba, nikalijaza tangi maji hadi shingoni. Akarudi.

“Nani kajaza maji?”

“Mimi.”

Kofi. La kwanza tangu anioe. Sikulia. Niliokota mpini wa jeki nikampiga nao begani kwa nguvu zangu zote. Akapiga magoti. Nikauinua tena — nilitaka kichwa. Mungu wangu, nilitaka kichwa!

Mama mkwe, tunayekaa naye, ndiye aliyenishika mkono. Akaninong'oneza: chukua watoto, mkalale kwa kaka yako. Mwanawe hakumkemea kwa kofi lile. Hata yeye mama anamwogopa.

Tuko kwa Cheche. Watoto wanauliza kwa nini mdomo wangu umevimba.

Ijumaa, 8 Machi

Limelipuka.

Jumapili, 10 Machi

Niandike.

Ijumaa asubuhi nilirudi na Cheche. Mama mkwe alikuwa nje ya geti, kajifunika uso kwa khanga. Akasema mwanawe kayamwaga maji yote, kisha katia petroli kidogo aone tundu liko wapi. Petroli! Cheche hakungoja amalize. Alikimbia.

Mwanga kwanza, halafu mlio. Upande mmoja wa tangi uliruka ukatoboa ukuta wa jiko. Baba watoto anazunguka uani, anawaka, anajipiga ngumi kifuani kana kwamba moto ni mtu. Cheche akamrukia, akamwangusha, akamviringisha mchangani, anauzima moto kwa mikono mitupu. Na yule chini anampiga! Anamng'ata! Hajui kama anaokolewa.

Sasa wamelazwa wodi moja, vitanda jirani. Daktari anasema vidole vya Cheche huenda visikunjike tena. Mchomeleaji asiye na vidole. Baba watoto kafungwa bandeji hadi machoni. Mama mkwe kasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akalia, kwani ni mwanawe.

Leo mchana sauti imemrudia baba watoto. Aliita jina langu. Nikainama — nilijua ataomba msamaha, na sikujua nitajibu nini.

“Vipi,” akasema, “tangi limezibika?”

Cheche kasikia. Kanyanyuka kitandani. Anashusha miguu sakafuni upande wa shemeji yake, mikono yake mabonge mawili meupe. Mama mkwe anamsihi, “Lala, baba, lala.” Halali. Nami nimekaa hapa katikati ya vitanda viwili, kalamu mkononi, na siinuki.